Kwa nini “live in close proximity to the lake” inakubalika lakini “go in close proximity” inakataa? Wajuzi wa Rock City mje

#1 Mlinda Gati
Wakuu, mwangaluka.

Mimi ni mchapaji wa vipeperushi, mabango na kadi za harusi hapa Mwanza mjini. Mteja mmoja mwenye loji upande wa Capripoint kaniletea maandishi ya Kiingereza, anataka yanyooshwe kabla hayajaingia mashineni. Mengine nimeyamaliza. Kilichonikwamisha ni ukaribu. Kaandika hivi:

The lodge lies in close proximity with the lake.
From here you can go in close proximity to Saanane Island.
Our boat will approach to the rocks so that you can take photos.

Ya kwanza naona kasoro ni hiyo “with” tu. Ya pili inakera sikio, ila ukiniuliza kosa liko wapi sina jibu, maana kila neno lina haki ya kuwepo. Ya tatu nina uhakika “to” imezidi, lakini mteja kanibana: kama “near to” na “close to” ni ruksa, “approach to” imekosa nini?

Nachokoza: “in close proximity” inachagua vitenzi vya kuishi navyo. Vya kukaa inavipokea (be, live, lie, stay, work), vya kwenda inavifungia mlango. Anayebisha abishe, anayekubali aseme sababu.

#2 Dagaa Mchele
Kiti cha mbele nimekalia. Chai na mihogo juu yangu.

#3 Mwalimu wa Zamu
Mleta mada yuko sawa nusu. Vitenzi vya kukaa vinaingia bila shida: they live in close proximity to the market, she works in close proximity to the patients, the two villages lie in close proximity to each other. Ongeza sit, stand, remain, be located, be situated. Hapo “in” inaeleza mtu au kitu kilipo.

Lakini si kweli kwamba vya mwendo vimefungiwa mlango. Badilisha “in” iwe “into” uone: come into close proximity, bring two wires into close proximity. Na vitenzi vya kuweka vinabaki na “in” ile ile: place the chairs in close proximity to the stage. Kwa hiyo kosa la sentensi ya pili ni kwamba mteja ametumia kihusishi cha kukaa penye kitenzi cha kwenda.

#4 Jiwe la Igoma
Mwalimu #3, jaribu basi dawa yako. “You can go into close proximity to Saanane Island.” Imepona?

Haijapona. Bado inachechemea.

#5 Mama Furu
😂😂 Mwalimu kakamatwa asubuhi asubuhi

#6 Frateri Aliyeghairi
Salaam. Nilipita seminari, Kilatini kidogo kimebaki kichwani, acha niwasaidie.

Proximity inatoka kwenye proximus, yaani “aliye karibu kuliko wote”. Mzizi ni prope, karibu. Kwa hiyo neno lenyewe limeshafika kileleni, huwezi kulipachika “close” juu yake. “Close proximity” ni sawa na kusema karibu ya karibu kabisa. Ndiyo maana wahariri wengi wa Kiingereza hulifyeka fungu zima na kuandika near.

Na approach inatoka ukoo huo huo, imepitia Kifaransa. Mwanzoni mwake kuna ad, ambayo ndiyo “to” ya Kilatini. Ukisema “approach to the rocks” umeweka “to” mara mbili, moja ndani ya kitenzi na moja nje. Mjadala ufungwe.

#7 Nshomile wa Kemondo
Mjadala haufungwi na mtu aliyekimbia seminari.

Frateri, adjacent nayo ina ad tumboni mwake, iko wazi hata kwa asiyesoma Kilatini. Mbona tunasema adjacent to? Attach to? Adhere to? Zote zimebeba ad na zote zinadai “to” nyingine nje. Kwa hesabu yako zingekuwa makosa matupu.

Tena suala la kilele: near ya leo, zamani za Kiingereza ilikuwa na maana ya “karibu zaidi”. Neno la “karibu” lilikuwa nigh, la “karibu zaidi” ndilo near, la “karibu kuliko vyote” ndilo next. Waingereza wakasahau, wakaanza kusema nearer na nearest juu ya neno lililokwishapandishwa daraja. Hakuna mhariri anayefyeka nearer. Hata neighbour, kipande chake cha mbele ni hiyo nigh, mkazi wa karibu. Asili ya neno haiwezi kuwa polisi wa matumizi yake.

#8 Dagaa Mchele
Wahaya na Kiingereza chao jamani. Ukute yuko juu ya bodaboda anaandika haya.

#9 Nshomile wa Kemondo
Niko juu ya meli mtani, daraja la kwanza.

#10 Sista wa Wodi
Habari zenu. Mimi nataka kurudi kwenye “with” ya sentensi ya kwanza, maana kila mtu kaipita kama kosa dogo.

Mwaka 2023 ugonjwa wa Marburg ulipoingia Kagera, tulikuwa tunapokea na kuandaa matangazo kwa lugha zote mbili. Kiingereza kilikuwa kimejaa “close contact”: be in close contact with a patient, come into close contact with body fluids. Waliokuwa na contact hiyo walifuatiliwa siku 21. Contact inataka “with”, hilo halina mjadala. Sasa ukishazoea kuandika “in close contact with” kila siku, siku unayoandika “in close proximity” mkono unaenda wenyewe kwenye “with”. Yanafanana umbo, “in close” fulani, na vitenzi vyake ni vile vile: be, come into, bring into, remain.

Tofauti niliyoiona kazini: contact ni mguso, pande mbili zinahusika, ndiyo maana “with”. Proximity ni mahali tu. Unaweza kuwa in close proximity to a wall na ukuta usijue.

#11 Jiwe la Igoma
Dada Sista umeeleza vizuri ila mimi naona sababu iko nyumbani zaidi. Kiswahili tunasema karibu NA ziwa. Hiyo “na” ndiyo “with” tunayofundishwa darasa la tatu. Mteja wa mleta mada hajawahi kuona close contact yoyote, amefikiri kwa Kiswahili akaandika kwa Kiingereza. Wanafunzi wangu wa tuisheni huandika “near with” kabisa, na hiyo haina mahali pa kuitoa huko Uingereza.

#12 Sista wa Wodi
#11 inawezekana, lakini wapo Waingereza wenyewe wanaoandika proximity with. Hao hiyo “karibu na” wameijulia wapi?

#13 Jiwe la Igoma
Hao waandike wanavyotaka, lugha ni yao 😂

#14 Nahodha Mstaafu
Vijana hamjambo.

Mimi nimezeeka kwenye usukani, Kiingereza changu ni cha majini, kwa hiyo nitasema nilichozoea. Hatukuwa na muda wa proximity. Chombo kinapokaribia gati: the vessel comes alongside the pier. Hakuna “to”. Ukipita jirani na mwamba: pass close to the rock. Ukitakiwa kukaa mbali: keep clear of. Kanuni za kimataifa za kuzuia vyombo kugongana, za mwaka 1972, zina jina la hali ya vyombo viwili kusogeleana kupita kiasi: close-quarters situation. Na kitenzi chake ni develop. Hali hiyo “inajijenga”, haiendwi wala haijiwi. Kwa hiyo kila ukaribu una kitenzi chake, na anayeviweka ni wenye kazi yao. Huyo mwenye loji amwulize mwenye boti.

#15 Mlinda Gati
Shikamoo mzee. Hiyo alongside naichukua kwa ajili ya picha ya gatini.

#16 Kisamaki
Mimi sijui sarufi, ila najua baa moja iliandika ubaoni kwa chaki CLOSE TO THE LAKE, wateja wakawa wanapita wakidhani imefungwa mpaka ziwani. Maduka yote mjini wakifunga wanatundika kibao CLOSE. Mtu atajuaje?

#17 Mama Furu
😂😂😂 Kisamaki umenimaliza

#18 Mwalimu wa Zamu
Kisamaki kagusa jambo bila kujua. Kibao cha duka kinatakiwa kuwa CLOSED, ndiyo maana mkanganyiko unatokea. Close ya kufunga mwisho wake unalia z, close ya ukaribu unalia s. Na bado ni ndugu: zote zinatoka kwenye neno la kufungwa, kilichozibwa hakiachi nafasi katikati. Pia kuna close in on, hiyo ni kumzingira mtu, polisi na mwizi. Usimwandikie mgeni “our boat will close in on the rocks”, atafuta nafasi aliyoweka.

Sasa turudi kwa approach. Frateri amekosea sababu lakini hajakosea jibu. Mimi wanafunzi nawapa kukaribia. Tunasema meli inakaribia gati, hatusemi inakaribia kwa gati, wala inakaribia na gati. Kauli ya kutendea imeshameza kihusishi. Soge-a, soge-lea: nasogea karibu na jiwe, lakini nasogelea jiwe. Approach ni sogelea. Get close to ni sogea karibu na. Mwanafunzi akishika hapo hakosei tena.

#19 Frateri Aliyeghairi
Kwa hiyo mwalimu umesema maneno yangu yale yale, kihusishi kimemezwa, umebadilisha Kilatini ukaweka Kiswahili, ukapigiwa makofi.

#20 Nshomile wa Kemondo
Na imevunjika pale pale ilipovunjika yako. Kiswahili kina kiambishi kinachoonekana, -lea, unakinyooshea kidole. Kiingereza hakina. Enter, reach, leave, near: “the ferry nears the pier”. Near hapo ni kitenzi na haijabadilika hata herufi, jana ilikuwa kihusishi. Imemeza nini? Halafu arrive, yenye ukoo wa Kifaransa kama approach, inadai at. Hakuna kanuni, ni kukariri.

#21 Mwalimu wa Zamu
Kukariri ndiko kunakowafelisha watoto, mkuu.

#22 Mhandisi wa Busisi
Naongeza kidogo tu kuhusu approach. Ikiwa nomino “to” inarudi. Pale daraja la Kigongo–Busisi, lile lililofunguliwa Juni 2025, kwenye michoro barabara za pande mbili zinaitwa approach roads, na unaandika the approach to the bridge bila wasiwasi. Mwenye loji labda alisoma kitu kama hicho. We approach the bridge, lakini our approach to the bridge. Ndivyo ilivyo pia kwa enter na entry to.

#23 Mlinda Gati
Hii ya #22 imetulia. Wabeja sana. Sentensi ya tatu nimeimaliza. Ila ya pili bado, hakuna aliyejibu #4. Kwa nini come into close proximity inakubali, na go into close proximity inagoma?

#24 Bibi Harusi wa Nansio
Nadhani ni suala la msemaji amesimama wapi. Come inatazama kutoka kwenye kitu kinachofikiwa. Go inatazama kutoka unapoondokea. Ukaribu unapimwa kutoka kwa kile kitu, kwa hiyo come inakaa vizuri. Hata kwetu: njoo karibu ni tamu, nenda karibu ni kama unamfukuza mtu kwa adabu.

#25 Jiwe la Igoma
Bibi harusi, na “don’t go near the water”? Mama zetu wa Kirumba wangekuwa wanajua Kiingereza wangeisema kila siku.

#26 Bibi Harusi wa Nansio
Umeona lakini kwamba ni katazo? Go near inapenda kukanushwa: don’t go near, he never goes near the lake, nobody went near him. Ikiwa ya kukubali, watu husema go up to, au get close to. Sisi pia “usisogee karibu na maji” ndiyo inayosikika zaidi kuliko “sogea karibu na maji”.

#27 Nshomile wa Kemondo
Hiyo ya makatazo nzuri, sijawahi kuiwaza. Ila haijaeleza proximity. Mimi nasema ni mavazi. Proximity ni neno la suti, la ripoti na mahakamani. Go ni kandambili.

#28 Jiwe la Igoma
Come nayo ni kandambili. Live nayo. Be ndiyo pekupeku kabisa.

#29 Dagaa Mchele
Nshomile kavuliwa suti 😂

#30 Mpima Viwanja
Wakuu mnahangaika na neno ambalo halina kipimo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Kiingereza chake ni within sixty metres. Within inakula vitenzi vyote: live within, build within, go within, come within, hata fall within. Hiyo ndiyo tofauti: ukitaja mita, kila kitenzi kinaingia. Ukisema proximity unaficha mita, na kitenzi nacho kinaanza kuona haya.

Mwenye loji aniambie iko within ngapi, nimsaidie kuandika.

#31 Mama Furu
Ndiyo maana kaandika proximity huyo 😂😂 Mita anazijua.

#32 Mlinda Gati
Mpima Viwanja mteja wangu mwache, bado hajanilipa.

#33 Kisamaki
Swali la pembeni. Jirani yangu kijana wa chuo huko Malimbe kaandika Mwanza lies on Lake Victoria. Nikamwambia jiji lina miamba hii yote litaeleaje? Kaniambia ni sahihi. Ni kweli?

#34 Mwalimu wa Zamu
Ni sahihi. On the lake ni mji ambao ukingo wake ndio ziwa lenyewe. Mwanza, Bukoba na Musoma ziko on the lake. By the lake ni nyumba au mtu aliye ukingoni, unasikia mawimbi. Near the lake huenda hata huoni maji. Hakuna anayesema Mwanza is near Lake Victoria isipokuwa anayeiona kwenye ramani ndogo.

#35 Nahodha Mstaafu
Na ukiwa ndani ya boti pia uko on the lake. Kwa hiyo mtu na jiji wanaweza kuwa on the lake wakati mmoja, mmoja akalowa na mwingine asilowe. Kisamaki usikate tamaa.

#36 Sista wa Wodi
Kuna ukaribu mwingine hamjaugusa, wa tukio. He came close to drowning, hapo hakuna mahali, maana yake nusura azame. Come near to na come close to zote zinaingia, kitenzi kinachofuata kinachukua -ing. Ila hapo proximity haiwezi kabisa: hakuna “he came into close proximity to drowning”. Kwa hiyo proximity imebaki mahali tu, nadhani. Bila kusahau nearly, ambayo imehama moja kwa moja: nearly drowned.

#37 Frateri Aliyeghairi
Proximity ya wakati ipo, the proximity of the elections. Inachukua of, kile kilicho karibu kinakuwa mwenye nao. Pia the proximity of the lodge to the lake, of na to pamoja. Mnaweza kuendelea kunizomea.

#38 Mtafiti wa Bure
Badala ya kubishana kwa hisia, ziko hazina za matini zenye kutafutwa kwa kompyuta. British National Corpus ina maneno milioni 100, na ile ya Kimarekani ya Mark Davies, COCA, imepita bilioni moja. Unaandika in close proximity, unaiambia ikuonyeshe vitenzi vya kushoto kwake, dakika mbili umemaliza. Kila mtu hapa ana simu.

#39 Jiwe la Igoma
Na wewe simu unayo. Tuletee.

#40 Dagaa Mchele
Mtafiti kapotea. Sasa ni in close proximity to the door.

#41 Mlinda Gati
Wakuu nimempelekea mteja hivi:

The lodge lies close to the lake. Saanane Island is a short boat ride away. Our boat will take you right up to the rocks, where the rock hyraxes sun themselves.

Kakataa. Anasema loji ya jirani ina proximity kwenye bango, yake ikikosa wageni wataona ni ya hali ya chini. Tumekubaliana proximity ibaki sentensi ya kwanza na “to” yake. Ila kaleta mpya: a stone’s throw from the lake, kaipata mtandaoni. Naona inafaa mji wetu kwa mawe. Sasa naulizwa tena: mbona hii ni from? Near to, close to, proximity to, adjacent to, next to, halafu ghafla from?

#42 Mpima Viwanja
Nilisema #30. Stone’s throw ni kipimo, hata kama ni cha kienyeji. Kipimo kinaanzia mahali: sixty metres from the lake, five minutes’ walk from the lake. Ukaribu usio na kipimo unaelekea mahali, ndiyo “to”.

#43 Nshomile wa Kemondo
Mkuu within walking distance of the lake. Ni kipimo, na ni of. Pia within reach of.

#44 Mpima Viwanja
Hiyo of inaletwa na within, si na kipimo.

#45 Nshomile wa Kemondo
Within sixty metres of the shore, au from the shore? Zote nimezisoma. Chagua moja utete.

#46 Nahodha Mstaafu
Mimi nauliza jiwe la nani. Akitupa mwanangu ni ng’ambo ya barabara. Akitupa mvuvi wa Mwaloni linavuka ghuba mpaka Kamanga.

#47 Bibi Harusi wa Nansio
Na kitenzi chake? The lodge is a stone’s throw from the lake, sawa. We live a stone’s throw from the lake, sawa, na kihusishi cha mbele kimeondoka kabisa, hakuna in wala at. Lakini hapa go inakataa tena: “go a stone’s throw from the lake”. Mlinda Gati, mwambie mteja asije akaweka go popote.

#48 Mlinda Gati
Kashaweka dada. “Go and enjoy”. Hiyo naiacha.